Maandishi ya programu ni madogo mno au yana ukungu kwenye laptopu ya kioo kikali? Usishushe resolusheni, soma hapa kwanza

FundiWaNasser

Wakuu salaam. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Nasser Road, Kampala, katikati ya wachapaji, kwa hiyo siku nzima nashinda na watu wanaokula kwa kutazama maandishi. Uzi huu nauandika kwa Kiswahili kwa sababu wateja wengi wanaoniuliza jambo hili ni watu wa Arua, wa Busia na ndugu zetu kutoka Kongo, na maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yako kwa Kiingereza.

Siku hizi laptopu za mtumba zinaingia zikiwa na vioo vikali sana, yaani vyenye pikseli (vidoa vya picha) nyingi. Utakuta XPS 13 ya pikseli 3200 kwa 1800, ThinkPad ya 2560 kwa 1440, nyingine za inchi 15.6 zina 3840 kwa 2160. Mtu ananunua, anafika nyumbani, anafungua programu ya kazi yake, menyu haisomeki. Anairudisha. Fundi anabonyeza mara mbili tatu, anashusha resolusheni (idadi ya pikseli zinazotumika) mpaka 1366 kwa 768, maandishi yanakuwa makubwa, mteja anashukuru na kwenda zake. Hili linaniuma kweli. Mtu amelipia kioo cha pikseli karibu milioni 6, anabakiziwa milioni 1, na kwa kuwa 3200 haigawanyiki vizuri kwa 1366, kila herufi kwenye mashine nzima inapata ukungu. Hata zile programu zilizokuwa nzuri zinaharibika.

Kwanza tuelewe shida inatoka wapi. Windows tangu zamani inahesabu kwamba inchi moja ya kioo ina pikseli 96. Laptopu ya kawaida ya inchi 15.6 yenye 1366 kwa 768 ina kama pikseli 100 kwa inchi, kwa hiyo hesabu inakubali. Ile ya inchi 13.3 yenye 3200 kwa 1800 ina pikseli 276 kwa inchi. Aikoni ya pikseli 16 kwenye kioo cha kwanza ina upana wa milimita 4. Kwenye kioo cha pili ni milimita 1 na nusu. Chukua rula uone milimita 1 na nusu ikoje, halafu fikiria kuibonyeza kwa mausi kutwa nzima.

Ndiyo maana kuna skeli, kipimo cha kukuza maandishi na vitufe: asilimia 125, 150, 200, 250. Ukiweka 200, Windows inaiambia kila programu ijichore mara mbili. Programu iliyoandikwa vizuri inasikia. Zisizosikia ni za aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Angalia dalili.

Dalili ya kwanza ni ukungu. Ukubwa wa maandishi uko sawa, lakini hayajakolea. Programu hiyo haijui lolote kuhusu skeli. Inajichora kwa pikseli 96, halafu Windows inaichukua picha nzima ya dirisha na kuitanua, sawa na kuweka fomu ndogo kwenye fotokopi na kuikuza mara mbili: itasomeka, lakini kingo za herufi zitachafuka.

Dalili ya pili ni udogo. Herufi zimekolea vizuri, ila ni ndogo kupita kiasi. Hii imeiambia Windows, "niache, skeli naijua mwenyewe," halafu haikufanya kazi hiyo. Windows ikaiamini, ikaiacha.

Dawa yake ni hii. Bofya faili la programu kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings" (DPI ni pikseli kwa inchi). Chini kabisa weka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior". Kuna chaguo tatu. Ikiwa programu ni ndogo mno, chagua "System", Windows itaikuza kwa nguvu. Ikiwa ina ukungu, anza na "System Enhanced", iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017. Hiyo haitanui picha. Inajaribu kuchora upya herufi na mistari kwa ukubwa unaotakiwa, na kwa programu za zamani zinazochora kwa njia ya kawaida ya Windows matokeo yake yanapendeza sana. "Application" nayo ina maana programu iachwe ijitegemee. Funga programu, fungua tena, angalia.

Resolusheni iache kwenye ile iliyoandikwa "Recommended". Kama una programu inayokusumbua, iweke hapa pamoja na dalili yake.

MamaHesabu_Arua

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kuandika. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Mwanangu wa kwanza alininunulia laptopu nzuri kutoka Kampala. Barua pepe naisoma vizuri, Excel vizuri. Programu ya hesabu ya duka ndiyo imenishinda, tarakimu ni ndogo, miwani yangu haifui dafu. Juzi nilisoma 8 nikaandika 3 kwenye deni la mteja. Fundi wa hapa alishusha ile resolusheni, sasa hata Excel imekuwa na ukungu na kichwa kinauma jioni. Nifanyeje?

FundiWaNasser

Pole sana, mama. Kwanza irudishe resolusheni kwenye "Recommended", skeli iweke 200 au 250 kadiri macho yako yanavyopenda. Kisha niambie: hiyo programu inapofunguka, pale juu kushoto mwa dirisha kuna kialama gani? Na ukibofya njia yake ya mkato kwa kitufe cha kulia, ukaenda "Properties", kwenye "Target" kumeandikwa nini?

MamaHesabu_Arua

Kialama ni kikombe cha kahawa chenye moshi. Kwenye Target naona maneno mengi, katikati kuna javaw.exe.

FundiWaNasser

Hapo tumeipata. Kikombe hicho ni Java, na kwa dalili yako ni Java 8. Java 8 ni ya ile aina ya pili: inaiambia Windows iache, halafu haikuzi kitu. Kuanzia Java 9, ya mwaka 2017, jambo hili lilirekebishwa, lakini programu nyingi za ofisini bado zimekwama kwenye 8.

Kwa hiyo tiki haiwekwi kwenye njia ya mkato ya programu, inawekwa kwenye javaw.exe yenyewe. Fungua "Program Files", kisha "Java", kisha folda inayoanza na jre1.8.0, kisha "bin". Humo utaiona javaw. Ifanyie kama nilivyoandika juu na uchague "System". Maandishi yatakuwa makubwa. Yatakuwa na ukungu kidogo, siwezi kukudanganya, ila 8 na 3 utazitofautisha.

Na waliokuuzia programu waulize kama inakubali Java mpya. Ikikubali, kwenye amri ya kuifungua waongeze

-Dsun.java2d.uiScale=2

na utapata maandishi makubwa yaliyokolea bila kugusa kitu kingine.

Mwanafunzi_MUK

Nimeweka kambi kwenye uzi huu, kaka. Hapa Makerere tunatumia NetBeans, programu ya kuandikia programu, darasani na wenzangu wengi wana shida hiyohiyo. Kwa wenye NetBeans kuna njia fupi: fungua faili la netbeans.conf lililo kwenye folda ya etc, kwenye mstari wa netbeans_default_options ongeza --fontsize 20 ndani ya nukuu. Herufi zinakua. Aikoni hazikui, lakini kwenye kuandika programu unasoma herufi.

MpimaArdhi_Gulu

Wakuu, shida yangu ni tofauti kidogo. Laptopu yangu ni ya 3840 kwa 2160, skeli 250. Nikirudi ofisini naiunganisha na monita ya inchi 24 ya kawaida, 1920 kwa 1080, skeli 100. QGIS, programu ya ramani, naiweza, nimeingia kwenye "Options", sehemu ya "General", nikaongeza ukubwa wa fonti na wa aikoni. Lakini programu ya kushusha data kutoka kwenye kifaa cha kupimia, nikiiburuta kwenda monita kubwa, inakuwa jitu, vitufe vinajaa kioo kizima. Nikiifungulia kwenye monita na kuirudisha kwenye laptopu inakuwa na ukungu.

FundiWaNasser

Mkuu, umegusa penye utamu. Kuna aina ya tatu ambayo sikuitaja juu ili nisiwachoshe watu. Programu hizi zinasoma skeli mara moja tu, na skeli yenyewe ni ile ya kioo kikuu ulipoingia kwenye Windows. Njia hiyo ilikuja na Windows Vista mwaka 2007, wakati watu wengi walikuwa na kioo kimoja. Ukihamisha dirisha kwenda kioo chenye skeli nyingine, programu haina habari, na Windows inabaki kutanua au kubana picha. Mwaka 2013, kwenye Windows 8.1, ndipo programu zilipoweza kusoma skeli ya kila kioo peke yake, na mwaka 2017 njia hiyo ikaboreshwa sana. Ya kwako inaonekana haijafika huko.

Ukiwa ofisini, ifanye ile monita ya inchi 24 kuwa kioo kikuu, kwenye "Make this my main display". Kisha toka kwenye akaunti na uingie upya. Kuzima programu peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, wanabadilisha skeli, hawatoki kwenye akaunti, wanaona hakuna kilichobadilika. Ukiingia upya, programu ifungulie hapo hapo kwenye monita na iache hapo.

Ukitaka kuhakikisha programu yoyote ni ya aina gani, Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10 yana kipimo kizuri ambacho watu hawakijui. Fungua "Task Manager", nenda "Details", bofya vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia, "Select columns", weka tiki kwenye "DPI Awareness". Kila programu itaandikiwa aina yake. "Unaware" ndiyo ya ukungu. "System" ndiyo kama hii yako. Iliyoandikwa "Per-Monitor" na bado ni ndogo, hiyo imetangaza ujuzi isiokuwa nao.

LinuxMbale

Mimi naona mnahangaika bure. Hamieni Linux, muweke KDE (mazingira ya madirisha ya Linux) kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuchora kwenye kioo), kila kioo kina skeli yake, shida imekwisha.

FundiWaNasser

Karibu, mkuu, ila nakupinga kwa heshima. Mama wa Arua ana programu ya hesabu ya Windows na duka linamsubiri. Na Linux nayo ina yake. Ukiwa kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora, skeli kimsingi ni moja kwa vioo vyote. GDK_SCALE, mpangilio wa skeli wa baadhi ya programu za Linux, inakubali namba nzima tu, 1 au 2, hakuna 1.5. Kwenye Wayland, programu za zamani zinazopitia XWayland, daraja la programu za X11, zinatanuliwa picha na kupata ukungu uleule tunaoujadili hapa.

LinuxMbale

Hilo la XWayland ni kweli, sikatai. Lakini tangu Plasma 5.26 (toleo la KDE), ya mwaka 2022, kuna chaguo kwenye mipangilio ya vioo la kuziacha programu za zamani zijikuze zenyewe, na zinazoweza zinatoka zimekolea. Kwa walioko X11, mstari wa Xft.dpi: 192 kwenye faili la .Xresources unarekebisha programu nyingi kwa mara moja. Programu zilizojengwa kwa Qt zina QT_SCALE_FACTOR, na hiyo inakubali 1.5. Zile zilizojengwa kwa Electron ongezeni --force-device-scale-factor=1.5 kwenye amri ya kuzifungua. Hata kwenye Windows, hizi mbili za mwisho zinafanya kazi.

FundiWaNasser

Hapo umetusaidia wote, asante. Ila msiiweke QT_SCALE_FACTOR kwenye mipangilio ya mashine nzima, itakuza kila programu ya Qt mliyo nayo, hata zile zilizokuwa sawa. Iwekeni kwenye faili dogo la bat linalofungua programu moja tu.

MwalimuTororo

Habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari. Tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba somo letu liwe la lazima tumepata madarasa makubwa, kwa hiyo naonyesha kazi kwa projekta. Programu ninayoandalia mazoezi ina dirisha la kuhifadhi ambalo kitufe cha OK hakionekani kabisa, kimezama chini ya kioo. Nabaki nimesimama mbele ya wanafunzi sijui nibonyeze wapi.

FundiWaNasser

Mwalimu, kioo chako kina ukubwa gani na skeli ni ngapi?

MwalimuTororo

3200 kwa 1800. Skeli 250.

FundiWaNasser

Piga hesabu, 1800 gawanya kwa 2.5 ni 720. Kwa programu, kioo chako kina urefu wa 720 tu, na upau wa chini unakula sehemu yake. Aliyeitengeneza alipanga dirisha la urefu wa 768 au zaidi, kwa hiyo lazima kitufe kizame. Shusha skeli iwe 200, utapata 900, kitufe kitapanda juu. Resolusheni usiiguse.

Ukikwama mbele ya darasa, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha sogeza dirisha juu kwa mishale. Ikikataa, bonyeza Tab mpaka ufike kwenye kitufe usichokiona, kisha Enter. Na kwa projekta bonyeza Windows na P, uchague "Extend" badala ya "Duplicate". Projekta nyingi za shule ni 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, na ukichagua "Duplicate" laptopu yako inalazimishwa kushuka ifanane nayo.

MchoraKadi

Ssebo, mimi ni jirani yako hapohapo Nasser Road. Photoshop CS6 kwenye kioo cha 4K (3840 kwa 2160), vidude vya pembeni sivioni. Kuna mtu aliniambia nitengeneze faili la manifesti (maelezo ya programu kwa Windows) na kubadilisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Ni kweli?

FundiWaNasser

Ni kweli, na ilifanya kazi enzi za Windows 7 na 8. Uliweka PreferExternalManifest kwenye rejista na faili la manifesti pembeni ya Photoshop.exe. Tangu 2017 huna haja nayo, ile tiki ya "System" inafanya kazi hiyohiyo bila kugusa rejista.

Lakini wewe ni mchoraji, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukilazimisha "System", Windows inatanua dirisha lote, na picha unayoichora imo ndani ya dirisha hilo. Ukiitazama kwa asilimia 100 huioni kwa pikseli zake halisi, unaiona imetanuliwa. Utadhani picha ya mteja haijakolea, utaikolezea kupita kiasi, na kadi za harusi zitatoka mashineni na kingo ngumu zisizopendeza. Kwa kazi ya picha afadhali toleo linalojua skeli lenyewe. Photoshop CC kuanzia 2014 ilikuwa na chaguo la kukuza kiolesura kwa asilimia 200 bila kugusa picha. Kwa CorelDRAW, kuanzia X8 ya mwaka 2016 walishughulikia vioo vya 4K. Ukishindwa kupata toleo jipya, iache CS6 kwa kupanga kazi tu, na uamuzi wa ukolevu ufanyie kwenye monita ya kawaida.

Mwanafunzi_MUK

Kaka, sisi tunaojifunza kuandika programu tufanye nini ili watu wasiteseke hivi?

FundiWaNasser

Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Hizi tiki zote ninazoandika ni kiraka. Tiba iko mikononi mwenu.

La kwanza: usitangaze kwamba programu yako inaijua skeli kama hujaifanyia kazi. Programu isiyojua itakuwa na ukungu, lakini itasomeka. Iliyotangaza uongo inamwachia mtu mzima tarakimu asizoweza kuzisoma.

Ukiwa tayari, kwa programu za Windows andika kwenye manifesti kipengele cha dpiAwareness kiwe PerMonitorV2. Kwenye WinForms, njia ya .NET ya kutengeneza madirisha, uwezo huo umo tangu .NET Framework 4.7. Weka AutoScaleMode iwe Dpi kwenye kila fomu. Usipange vitufe kwa namba za pikseli ulizozipima kwa jicho, tumia TableLayoutPanel na FlowLayoutPanel ili vitu visukumane vyenyewe herufi zikikua. Na fomu zichore Visual Studio ikiwa kwenye asilimia 100. Ukichora kwenye 150, vipimo vya 150 vinahifadhiwa ndani ya msimbo, na mwenzako akifungua kwenye mashine yake fomu inavurugika.

Kwa wanaotumia Python na Tkinter (maktaba yake ya madirisha), kabla ya kuunda dirisha:

import ctypes
ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)

Mstari huo peke yake unaondoa ukungu kwenye maandishi. Lakini vipimo ulivyoandika kwa pikseli havitakua, kwa hiyo vizidishe mwenyewe kwa skeli, la sivyo umerudi kwenye uongo ule ule.

Aikoni zitengenezeni kwa saizi kadhaa, 16, 24, 32 na 48, msitegemee moja kutanuliwa. Na kabla ya kumkabidhi mteja, ifungueni kwenye 125, 150 na 200. Programu nyingi zinazotengenezwa hapa kwetu, za SACCO, za zahanati, za shule, zinaonekana hazikuwahi kufunguliwa kwenye kioo kingine zaidi ya 1366 kwa 768 cha aliyeziandika. Anayeumia ni karani anayezitumia saa nane kwa siku.

MpimaArdhi_Gulu

Nimefanya ile ya kioo kikuu na kutoka kwenye akaunti. Dirisha limekaa sawa kwenye monita. Kwenye Task Manager imeandikwa "System", kama ulivyosema. Shukrani, mkuu.

MamaHesabu_Arua

Mwanangu, nimerudi. Ilikubali, nikafanya hesabu za mwisho wa mwezi bila kuinamia kioo. Leo asubuhi programu imefunguka, tarakimu zimerudi kuwa ndogo vilevile. Sijagusa kitu. Kulitokea tu kidirisha kikisema Java inasasishwa, nikabonyeza ndiyo.

FundiWaNasser

Hukukosea popote, mama. Windows inakumbuka ile tiki kwa anwani kamili ya faili. Java 8 ikisasishwa inaweza kujiweka kwenye folda mpya yenye namba nyingine mwishoni, kwa hiyo javaw.exe unayoitumia leo ni nyingine, haina tiki. Rudi "Program Files", "Java", utaona folda ya jre1.8.0 yenye namba kubwa kuliko ile ya mwanzo. Ingia "bin", weka tiki upya, chagua "System". Ikisasishwa tena, fanya hivyohivyo.

Kwa mafundi wanaohudumia mashine nyingi, tiki hiyo inahifadhiwa kwenye rejista, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers. Jina ni anwani kamili ya faili na thamani ni ~ DPIUNAWARE. Mnaweza kuiandikia faili la reg na kulifungua kila baada ya kusasisha, bila kumsumbua mtu kubofya bofya.

MamaHesabu_Arua

Nimeiona folda mpya. Nimeweka. Tarakimu zimerudi kubwa. Hiyo anwani ndefu nimemwandikia fundi wa hapa kwenye karatasi, na nimemwambia asiguse resolusheni yangu tena.